Kinamama wa Kivu wanayajua maji. Kinachowapungukia ni ardhi

Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, wilayani Kalehe, mashariki mwa Kongo, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Kivu. Watu walikuwa wameteremka na mizigo yao kutoka milimani, kama kila wiki. Siku hiyo mvua kubwa ilipiga juu ya milima. Vijito ambavyo watoto huvivuka kwa miguu vikafura, vikang'oa mawe na miti, vikavishusha pamoja na matope hadi sokoni na kuvitupa ziwani. Kijiji jirani cha Bushushu nacho kikasombwa. Miili zaidi ya 400 iliokotwa, maelfu ya watu wakaandikwa kuwa hawajulikani walipo, na Jumatatu ya tarehe 8 nchi nzima ikaomboleza.

Mwambao huo ulikuwa umeshaonja msiba wa namna hiyo Oktoba 2014. Aprili 2020, Mto Mulongwe uliingia majumbani Uvira na kuua makumi ya watu. Desemba 2023, udongo uliporomoka hapa hapa Bukavu, katika komine ya Ibanda, na mwezi huo huo ukaporomoka Burhinyi, wilayani Mwenga. Mei 2025 ikawa zamu ya Kasaba, wilayani Fizi, kwenye Ziwa Tanganyika.

Hayo ndiyo maji yanayotangazwa redioni. Yako mengine ambayo hayana mtangazaji: kinamasi kinachofurika Novemba na kuozesha maharagwe wiki mbili kabla ya kuvunwa, kijito kinachokula ukingo wa shamba hatua moja kila mwaka, mvua ya usiku mmoja inayoteremsha udongo mweusi wa juu na kuacha mwekundu usiozaa. Maji ya namna hii hayaui watu mia nne kwa siku, ila hupunguza sahani moja moja, msimu baada ya msimu. Wanaopambana nayo ni kinamama, kwa kuwa katika vilima vya Kabare, Walungu na Kalehe wao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kilimo cha chakula: kupanda, kupalilia, kuvuna, kuhifadhi mbegu, na mwisho kuupandisha mzigo mgongoni hadi masoko ya Mudaka, Kadutu au Nyawera.

Ujuzi walio nao juu ya maji ni mpana kuliko tunavyodhani sisi wa mjini. Lakini una mpaka, na mpaka huo haukuwekwa na maji.

Mashamba matatu

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyoizunguka vinapanda zaidi ya hapo. Mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, zaidi ya milimita 1,300 kwa mwaka. Mapumziko ya kweli ni ile miezi ya Juni, Julai na Agosti. Wakulima wanazihesabu nyakati zao kwa herufi: msimu A tangu Septemba hadi Januari, msimu B tangu Februari hadi Juni, na msimu C, ule wa kiangazi, ambao hulimwa kwenye vinamasi vya mabondeni wakati vilima vimekauka.

Mama mkulima wa Bushi, nchi ya Washi, anayejiweza kidogo huwa na vipande vitatu. Kimoja kiko nyumbani, ndani ya migomba, kinachopata majivu, maganda na samadi ya mbuzi. Cha pili kiko ubavuni mwa kilima, cha muhogo, maharagwe na mtama. Cha tatu kiko bondeni, kwenye maji, cha viazi vitamu, magimbi, kabichi na lengalenga. Vyote vitatu vikijumlishwa mara nyingi havifiki hekta moja.

Mtaalamu anayekuja na ramani huona mashamba yaliyokatwakatwa na saa zinazopotea njiani. Mwenye mashamba anaona jambo jingine. Mvua ikizidi, bonde litazama lakini kilima kitatoa. Mvua ikikosekana, kilima kitanyauka lakini bonde litatoa. Hakuna mwaka ambao sehemu zote tatu hufa pamoja, isipokuwa mwaka wa balaa. Kutembea ndiko kodi anayolipa ili asilale njaa.

Vipande hivyo tena hulishana. Marando ya viazi vitamu, ambavyo hapa tunaviita bijumbu, hayawezi kuishi kilimani wakati wa kiangazi. Huteremshwa bondeni, hukaa hai kwenye unyevu hadi Septemba, kisha hupandishwa kilimani mvua zinapoanza. Kwa hiyo kinamasi kikifurika mapema kuliko kawaida, hasara si viazi vilivyomo tu. Ni pia mbegu ya kilima cha msimu ujao. Ndiyo sababu mama mzoefu haachi marando yote bondeni. Huacha tita moja karibu na nyumba, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na jingine kwa dada au shemeji wa kilima cha pili.

Tuta na mfereji

Kazi ya kinamasini huanza maji yanapokuwa yameshuka, mwezi Juni. Majani hufyekwa na kulazwa chini kwa mistari. Kisha jembe hukata udongo kwa mabonge mazito, na kila bonge hupinduliwa juu ya ule mstari, nyasi zikiangalia chini. Bonge juu ya bonge, pande zote mbili, hadi tuta linafika magotini. Yale majani yaliyofunikwa yataoza humo ndani na kuwa mbolea. Na pale mabonge yalipokatwa panabaki mfereji, bila kuuchimba kwa makusudi.

Ubavuni mwa kilima tuta hulazwa kukata mteremko, ili lizuie maji yasikimbie. Bondeni hugeuzwa: hulazwa kuelekea mfereji mkubwa, ili maji yatoke. Juu ya tuta hukaa mimea isiyopenda kuloa miguu, kama maharagwe na kabichi. Chini kabisa, ukingoni mwa mfereji, hukaa magimbi, ambayo maji hayayatishi. Maji yakipanda nusu ya tuta, magimbi yanaendelea kukua na maharagwe bado yako juu. Jua likizidi mwezi Agosti, mwenye shamba huziba mdomo wa mfereji wake kwa bonge moja la udongo na maji hubaki shambani. Mvua ikirudi hulitoa. Lango zima la kinamasi ni bonge hilo moja, na anayeamua liingie lini na litoke lini ni yeye.

Kinamasi lakini si cha mtu mmoja. Mfereji mkubwa unapita kwa wote, na anayeuacha ukijaa magugu huyarudisha maji kwa jirani wa juu. Hivyo kabla ya mvua za Septemba hufanyika salongo: siku ya kuusafisha kwa pamoja, kila mtu na sehemu yake. Ukingoni mwa kijito huachwa mafunjo na matete yasimame, maana kila mtu ameona mahali yalipong'olewa ili kupata matuta mawili zaidi, na jinsi kijito kilivyokuja kuchukua manne.

Msomaji wa mjini asidhani hili ni jambo la huko vijijini tu. Kabichi, vitunguu na lengalenga tunazonunua Kadutu wakati wa kiangazi zinatoka kwenye matuta hayo. Mfereji mmoja ukiziba Kabare, bei hupanda Bukavu.

Mbegu za kuchanganya, muhogo wa kuharakisha

Ukifungua kibuyu cha mbegu za maharagwe katika nyumba ya mkulima wa Kivu, hukuti rangi moja. Utaona nyekundu, nyeupe, za madoadoa, ndogo na kubwa, zote pamoja. Si uzembe wa kuchambua. Baadhi huvumilia unyevu, baadhi hukomaa haraka, baadhi hushinda udongo uliochoka. Zikipandwa pamoja, mwaka wowote ule kuna zitakazozaa. Anayeamua mchanganyiko wa kilima na mchanganyiko wa bonde ni mama, na ndiye anayezihifadhi juu ya meko ambako moshi hufukuza wadudu.

Ng'ambo ya Mto Ruzizi, nchini Rwanda, ujuzi huo uliwahi kupimwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Louise Sperling na wenzake waliwaita wanawake mabingwa wa maharagwe waje kwenye kituo cha utafiti cha Rubona, wachague wenyewe aina ambazo wangezipanda kwao, kabla wataalamu hawajaamua. Aina walizochagua kinamama zilifanya vizuri mashambani, mara nyingi kuliko michanganyiko iliyokuwapo. Upande wetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu kilisaidia kueneza maharagwe ya kupanda, yale yanayotambaa juu ya miti. Kinamama waliyapokea pia kwa sababu ambayo haikuwa kubwa kwenye vipeperushi: maganda yanayoning'inia juu hayagusi matope, na mvua ndefu haiyaozeshi.

Muhogo una hesabu yake. Unastahimili jua na udongo maskini, ila maji yakisimama mizizini siku chache tu huanza kuoza. Kwa hiyo mkulima wa bondeni huupanda juu ya tuta, na akiona maji hayashuki huung'oa kabla haujakomaa. Majani huenda sokoni kama sombe. Mizizi humenywa, hulowekwa siku kadhaa, huanikwa, husagwa kuwa unga wa bugali. Mavuno huwa madogo, lakini si sufuri.

Hapo lakini haraka ina hatari yake. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na kinachoiondoa ni kule kulowekwa na kukaushwa kwa muda wa kutosha. Familia ikikimbia vita au maji, au njaa ikibisha, siku za kuloweka hupunguzwa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha taarifa ya konzo Burhinyi: ugonjwa unaopooza miguu ghafla, bila kupona, na unaowapata zaidi wanawake na watoto wanaokula muhogo ambao haujatolewa sumu yake, tena bila maharagwe wala samaki wa kusindikiza. Burhinyi hiyo hiyo ndiyo iliyoporomokewa na udongo Desemba 2023. Ujuzi wa kuloweka muhogo upo kila nyumba. Unachohitaji ni siku chache za utulivu na maji safi, na hivyo ndivyo mafuriko huondoka navyo kwanza.

Kuusoma mto

Anayeishi kando ya kijito hujifunza tabia yake. Rangi ikibadilika kutoka uwazi hadi kahawia wakati kijijini hakujanyesha, mvua iko juu. Mawe yakianza kugongana chini ya maji, mlio wake husikika kabla maji hayajaonekana. Na ishara mbaya kuliko zote ni ile inayoonekana kama nafuu: mvua inaendelea, lakini kijito kinapungua ghafla. Maana yake kuna mahali udongo umeporomoka na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Wataalamu wa maporomoko duniani kote wanaitambua ishara hiyo. Anayeijua hachelewi kuhamisha mbuzi wala watoto.

Ujuzi huu una thamani zaidi tukikumbuka upungufu uliopo upande wa vipimo. Baada ya msiba wa Kalehe, na wa Rwanda uliotangulia kwa siku mbili tu na kuua watu zaidi ya 120, wanasayansi wa mtandao wa World Weather Attribution walijaribu kupima kama mabadiliko ya tabianchi yalichangia mvua ile. Mwishoni mwa Juni 2023 walitoa jibu: hawawezi kusema. Takwimu za vituo vya hali ya hewa vya eneo la Ziwa Kivu hazikutosha. Sisi ambao tuna kituo cha utafiti cha Lwiro, mrithi wa taasisi iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947, tuna Mulungu, tuna vyuo vikuu vya Bukavu, hatukuwa na vipimo vya kutosha vya mvua iliyoua majirani zetu.

Kumbukumbu zilizobaki ziko vichwani mwa watu: mwaka ambao kinamasi kilifurika mapema, mwaka ambao maji yalifika kwenye mparachichi. Magharibi mwa Kenya, huko Bunyore, walipata njia ya kuziunganisha kumbukumbu za namna hiyo na vipimo. Wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaosifika kwa kusoma mvua kutokana na miti, ndege na wadudu, walianza mwishoni mwa miaka ya 2000 kukaa meza moja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha tabianchi cha kanda, ICPAC, kila upande ukaleta utabiri wake, kisha wakatoa tangazo moja ambalo wanakijiji walilielewa na kuliamini. Hapa kwetu kipimo cha mvua ni chombo rahisi, na Radio Maendeleo imekuwa ikiwafikia wakulima wa Kivu Kusini tangu 1993. Kikundi cha kinamama katika kila kinamasi kikipewa kipimo na daftari, na namba zikasomwa redioni kila juma, tutakuwa tumejenga kile ambacho wanasayansi walikikosa.

Mfuko mwekundu

Baada ya maji kuna siku ya pili. Shamba limejaa mchanga, nyumba imeinama upande mmoja, na mbegu ya msimu iliyokuwa juu ya meko imeloa. Mama wa Kivu aliye na kikundi haanzi kutoka sifuri.

Katika vijiji vingi vya Kivu Kusini kikundi hicho huitwa MUSO, kifupi cha maneno ya Kifaransa ya chama cha mshikamano. Wanachama hukutana kwa siku iliyopangwa, na pesa zao hukaa katika mifuko mitatu ya rangi tofauti. Wa kijani ni wa akiba na mikopo: mtu hukopa, hufanya biashara yake, hurudisha na riba kidogo. Wa buluu ni wa pesa zinazotoka nje ya kikundi. Mwekundu ndio wa dhiki. Kila mmoja hutia kidogo kila mkutano, na anayepatwa na ugonjwa, msiba au maji hupewa bila kutakiwa kurudisha. Hakuna fomu ya kujaza wala ofisi ya kupangia foleni: waliokaa pale wanalijua shamba lililozama, maana wameliona asubuhi wakipita.

Tangu Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki kufunga milango, thamani ya pesa inayokaa kijijini ilionekana hata kwa waliokuwa wakiidharau. Lakini mfuko mwekundu nao una kikomo, na kinamama wenyewe wanakijua. Umejengwa juu ya kudhani kwamba leo ni wewe, kesho ni mimi. Maji yakiingia nyumba moja, wanachama 20 wanaweza kuisimamisha. Yakiingia nyumba zote usiku mmoja, kama Nyamukubi, kila mwanachama ni mwombaji na hakuna wa kutoa. Huenda hata sanduku lenyewe limekwenda na maji. Dawa yake ni kuunganisha vikundi vya vilima mbalimbali, wa kando ya ziwa na wa juu, ili mwaka wa hasara wa huyu uwe mwaka wa mavuno wa yule. Ni hesabu ile ile ya mashamba matatu, ila sasa kwa pesa.

Na shamba? Kinachofuata maji ni mimea ya haraka. Lengalenga huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Maharagwe huhitaji miezi mitatu hivi, viazi vitamu minne au zaidi. Mkulima hupima kwanza kile mto ulichokiacha. Kikiwa tope laini, atapanda papo hapo, na huenda likazaa kuliko zamani. Kikiwa changarawe na mawe, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya mashamba ya Nyamukubi, hakuna jembe linalofaa.

Mti usioruhusiwa kupandwa

Sasa tuje kwenye mpaka nilioutaja mwanzoni.

Muulize mkulima yeyote wa Walungu kinachoshika udongo kwenye mteremko, atakutajia bila kusita: mstari wa mabingobingo au setaria, ua wa titonia ambao majani yake pia hurutubisha shamba, miti ya kaliandra ambayo mizizi yake huenda chini na majani yake hulisha mbuzi. Mistari hiyo ikikaa miaka mitatu au minne, udongo hujikusanya nyuma yake na mteremko huanza kujipanga wenyewe kwa ngazi. Hakuna siri. Mbona basi vilima ni vitupu?

Jibu moja lina historia. Wabelgiji waliwalazimisha watu wa Kivu kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, kwa amri na kwa adhabu. Uhuru ulipokuja, watu wengi waliiacha ile mitaro pamoja na kumbukumbu zake. Jibu jingine ni makaa: mji unaopika kwa makaa hula misitu ya vilima vyake. Jibu la tatu, lililo zito zaidi kwa mwanamke, ni bwasa.

Kwa desturi za Bushi, haki ya kudumu juu ya ardhi ilipatikana kwa kalinzi, malipo yaliyotolewa kwa mwami, yaani mfalme wa kimila, au mwakilishi wake, zamani kwa ng'ombe, na haki hiyo hupita kwa wanaume. Mwanamke hulima ardhi ya mume, na mume akifa hulima kwa hisani ya shemeji. Asiye na ya kutosha hukodi kwa bwasa: msimu mmoja au miwili, kwa pesa, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kazi katika shamba la mwenye ardhi. Vinamasi vingi na viunga vya mashamba makubwa hulimwa kwa njia hiyo. Na bwasa ina sharti ambalo halihitaji kuandikwa: usipande kinachodumu. Mgomba au mti ni dai la umiliki. Anayeupanda katika ardhi ya bwasa anatafuta kesi.

Hapo ndipo ujuzi unapogota. Mama anajua kwamba ua wa kaliandra ungeliokoa shamba lake katika mwaka wa nne, lakini anao mkataba wa miezi sita. Hivyo anabaki na mbinu zinazoingia katika miezi sita: tuta, mfereji, mbegu mchanganyiko, kuvuna mapema. Ni mbinu nzuri, na ni zile pekee alizoruhusiwa. Mara nyingine hata hizo humwadhibu: akiisha kulitengeneza shamba la kinamasi likazaa, mwenye ardhi huona linalipa na kulichukua, au kupandisha bei ya msimu ujao.

Sheria ya nchi haikumsaidia sana. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa ya Serikali, na ardhi inayoshikwa kwa desturi ikaachiwa amri ya Rais itakayokuja kuipanga. Miaka 50 ilipita bila amri hiyo. Katiba ya 2006 inatamka usawa wa mwanamke na mwanaume, na marekebisho ya Sheria ya Familia ya mwaka 2016 yalimwondolea mke ulazima wa kuomba ruhusa ya mume katika shughuli za kisheria. Yote hayo yanafika Bukavu. Yakianza kupanda kilima yanaishiwa pumzi.

Watu wa mabonde wasiulizwe mwishoni

Baada ya kila msiba huja wazo la kuwahamisha watu. Pengine ni lazima: hakuna busara ya kujenga tena soko juu ya njia ya mawe. Lakini Tanzania ina somo. Kufuatia mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Mto Rufiji hadi maeneo ya juu, katika Operesheni Rufiji. Kule bondeni walikuwa na kilimo cha mlau, cha kupanda udongo unyevu maji yanapopungua, na madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mashamba. Mafuriko kwao yalikuwa hatari na yalikuwa mbolea. Walipohamishwa, wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, safari sasa ikiwa ndefu zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliopanga hawakuwa wamelala kwenye kile.

Kwa Kalehe, kwa Kabare, kwa Walungu, mipango ianze na wanaolima. Mahali pa kuanzia si pa gharama. Mikataba ya bwasa iandikwe mbele ya chifu wa kijiji na mashahidi, kwa miaka mitano badala ya msimu, ikimruhusu mkodi kupanda majani na miti ya kushika udongo bila kugeuka kuwa dai la umiliki. Mwenye ardhi abaki na ardhi yake, tena ikiwa imara zaidi. Wenye mashamba makubwa ya miteremkoni, ya chai na ya malisho, wabebe sehemu yao ya kupanda miti, kwa kuwa maji yanayoanzia kwao ndiyo yanayofikia soko la chini. Na kamati za vinamasi, zinazopanga salongo na mifereji, ziwe na kinamama mezani, si kwenye mitaro peke yake.

Mashirika yamekuwa yakija Kivu kuwafundisha wanawake kukabiliana na mafuriko. Kwa sehemu kubwa wanayajua hayo mafunzo. Atakayekuja safari ijayo aulize kwanza shamba ni la nani, na kwa muda gani. Jibu likiwa ni msimu mmoja, aanzie kazi yake hapo, kwa mwenye ardhi na kwa mwami.